Barua ya wazi kwa wanaoshika funguo za kumbi za vyuo vikuu

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Washauri wa Wanafunzi, wakuu wa ofisi za milki, na ninyi nyote ambao barua ya mwanafunzi haisogei bila mhuri wenu,

Shikamooni.

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa nasikia hotuba ileile, anabadilika msomaji tu. Kwamba vijana wa siku hizi hawana ari. Hawakipendi chuo chao, wamefuata cheti na bumu, wakitoka darasani wanakimbilia geto wakajifungie na simu. Baada ya hotuba inaundwa kamati. Kamati inazaa kauli mbiu, fulana za rangi ya chuo, na siku hizi video fupi yenye muziki mzito na picha za droni zinazopita juu ya paa la maktaba. Fulana zinavaliwa siku moja. Kesho yake zimeshakuwa nguo za kulalia.

Nilisoma sanaa za maonyesho katika chuo chetu kimoja cha umma, na hadi leo kuandika michezo ya redio ndiko kunakoniweka mjini. Vijana wa chama cha sanaa cha chuo kimoja hapa Dar es Salaam huwa wananiita nikawaangalie mazoezi. Chuo chenyewe sitakitaja. Hakijawazidi wengine kwa ubaya, na nikikitaja watakaoumia ni wale vijana. Nina neno moja tu la kuwaambia: ari mnayoitafuta ipo, na kila siku jua likizama mnaifungia nje.

Nieleze nilichokiona muhula uliopita. Walikuwa wanaandaa mchezo walioutunga wenyewe, familia inagombania shamba la marehemu. Kuna mahali mjane anachoka kuvumilia, anawavaa mashemeji zake mbele ya wazee, anapiga kelele mpaka sauti inakwama. Ndiyo sehemu iliyobeba mchezo mzima. Walikuwa wameomba darasa la kufanyia mazoezi. Giza lilipoanza kuingia mlinzi akaja na funguo mkononi, akasema ana maagizo, madarasa yasiyo na kipindi yanafungwa. Hakuwa mkorofi. Aliwasubiri wakakusanya vitenge na viti vyao, akazima taa.

Wakahamia kwenye vimbweta vya kujisomea nyuma ya maktaba. Huko kulikuwa na wenzao wanaojisomea, mitihani iko mlangoni, na sentensi ya kwanza tu ya mchezo ikapokelewa kwa miguno. Basi wakafanya mazoezi kwa kunong'ona. Nimeshuhudia ugomvi wa ukoo mzima ukipiganwa kwa kunong'ona: mjane kakaza shingo, mishipa imemtoka, kidole kipo puani kwa shemeji, na sauti ni ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani usiku wa manane. Hakuna aliyecheka. Waliendelea hivyohivyo siku zilizofuata, kimbweta hadi kimbweta. Siku ya onyesho walipoupata ukumbi kwa saa mbili za kuhesabu, yule binti alifungua kinywa na sauti haikufika safu ya tatu. Mwili ulikuwa umeshazoea mnong'ono. Alijitahidi kuipandisha, ikapasuka. Wa nyuma wakaanza kupiga soga, nao siwalaumu.

Na ule ukumbi waliupataje? Barua ilianza kwa mlezi wa chama, ikaenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, ikashuka ofisi ya milki, ikazunguka ofisi ya ulinzi, ikaishia kwa mhasibu ili itoke namba ya malipo. Bei waliyopewa ni ileile anayotozwa mtu wa nje anayekuja kufanya sherehe yake. Jumamosi waliyoitaka wao, jukwaa lilikuwa limeshafungwa vitambaa na maua ya sendofu ya watu ambao chuo hicho wanakijua kwa sababu ya maegesho yake. Najua mmeagizwa muongeze mapato ya ndani, na ukumbi unaokodishwa unaingiza hela. Lakini mwenye nyumba anayepangisha hadi sebule yake haitakiwi ashangae watoto wake wakikosa pa kukaa.

Tuliambiwa na walimu wetu, ambao wengine wenu mlisoma nao, jinsi mambo yalivyoanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale Makerere mabweni yalikuwa yanashindana kwa michezo ya kuigiza. Kijana mmoja wa Northcote Hall, wakati huo akiitwa James Ngugi, aliliandikia bweni lake mchezo mfupi, ukashinda. Desturi ilikuwa mchezo ulioshinda uende Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho wa Kampala. Wenye ukumbi wakaukataa, kwa sababu ndani yake ofisa wa Kiingereza anambaka mwanamke wa Kiafrika, na kwa akili zao ofisa wa Kiingereza hawezi kufanya jambo la namna hiyo. Novemba 1962, ukumbi uleule, chama cha maigizo cha wanafunzi wa Makerere kikapandisha mchezo wake mwingine, mrefu, katika shamrashamra za Uhuru wa Uganda. Huyo ndiye marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Alianza kwa kuliandikia bweni, waheshimiwa. Bweni lenye kelele za korido na watu wanaogombea bafu.

Hapa kwetu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ebrahim Hussein alikuwa bado mwanafunzi alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, ikachapishwa 1969, na vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimeifanyia mtihani. Mwaka huohuo wanafunzi wengine walianzisha jarida la Cheche. Walichapa wenyewe kwa taipureta kwenye stensili, wakazungusha mashine ya kudurufu, wakapanga kurasa kwa mikono na kuzibana pini. Septemba 1970 walitoa toleo maalumu lenye uchambuzi wa Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini, kazi ambayo bado inasomwa. Novemba ya mwaka huo jarida na chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilicholitoa, USARF, vyote vikapigwa marufuku.

Kwa hiyo sidai kwamba zamani utawala ulikuwa na kifua kipana. Haukuwa nacho. Mwaka 1966 karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Ninachosema ni kwamba hata utawala uliokuwa tayari kufukuza na kufungia haukuwa na mazoea ya kuwanyima wanafunzi jioni. Walikuwa wanaishi chuoni. Chakula cha usiku kilikuwa hatua chache kutoka ukumbini. Ugomvi ulioanzia mezani ulimalizikia jukwaani, na asubuhi wahusika walikutana tena kwenye foleni ya chai.

Leo wengi wamepanga Changanyikeni, Makongo, Msewe, Sinza. Vipindi vinawekwa hadi saa moja usiku kwa sababu madarasa hayatoshi na wanafunzi wameongezeka, hilo nalielewa. Binti anayetoka kwenye mazoezi saa nne usiku akitembea kwa miguu hadi Msewe anafanya jambo ambalo mama yake akilijua atampigia simu usiku huohuo amwambie aache. Ndiyo maana nasema ratiba ni jambo la sanaa kuliko hata bajeti. Anayepanga vipindi ndiye anayeamua kama chuo kitakuwa na waigizaji, na sidhani kama kuna siku amewahi kuambiwa hivyo.

Sasa nije kwenye woga wenu. Mnao, na si wa bure.

Waliopita Mlimani kabla ya 1990 wanamjua Mzee Punch. Hakuwa mtu, lilikuwa jina tu la watu wasiojulikana. Usiku karatasi zinabandikwa ukutani, asubuhi umati umejaa mbele yake na daftari kwapani. Michoro na maneno makali. Alimsema mkuu, alimsema waziri, alimsema mhadhiri, alimsema mwanafunzi aliyewasaliti wenzake. Kulikuwa na mikono yenye kipaji nyuma ya karatasi zile, na wako watu wazima leo, wengine wenye vyeo, wanaotabasamu wakisikia jina hilo. Mimi nilimkuta kwenye masimulizi tu, na kwa muda mrefu masimulizi yenyewe yalikuwa ya kuchekesha.

Mpaka uwaulize wanawake waliosoma wakati huo. Mzee Punch alikuwa na kazi nyingine. Msichana aliyemkataa mwanamume, msichana aliyeonekana anajiona, alichorwa, akatungiwa, akatangazwa, na wenzake wakaonywa wasikae naye. Aliyetajwa alikula peke yake. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa namna hiyo. Jina lake lipo kwenye kumbukumbu za nchi hii na wanaohusika wanalijua, sitalitumia hapa kupambia hoja yangu. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake ambacho kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, kilipaza sauti pamoja na wanawake wengine, na Punch akapigwa marufuku.

Ilikuwa sawa kabisa kumpiga marufuku, tena ilichelewa. Nayasema haya kwa sababu kila ninapozungumza na mmoja wenu juu ya kuwaachia wanafunzi jukwaa, jibu ni hilo: unakumbuka Punch? Nakumbuka. Lakini tuangalie kilichoua ni nini pale. Kejeli peke yake haiui, wahenga wetu waliimbana taarabu na kujibizana kwa mashairi mpaka wakazeeka pamoja. Pale mshambuliaji hakuwa na sura. Ukuta hauulizwi. Yule binti angemwendea nani amwambie umenionea? Angemjibu nani, na kwa njia gani, wakati anayemsema anaweza kuwa ndiye aliyekaa jirani yake maktaba?

Jukwaani mtu anaonekana. Jina lake liko kwenye karatasi ya waigizaji, uso wake uko kwenye mwanga, na yule anayesemwa amekaa safu ya pili anamtazama. Nilikuwepo siku kijana mmoja mchekeshaji, mwenye kipaji hasa, alipoanza kumchambua mwanafunzi mwenzake kwa umbo lake. Sentensi ya kwanza watu walicheka, kwa mazoea. Ya pili walicheka wachache. Ya tatu ukumbi mzima ulimnyamazia, na alikuwa bado ana dakika kadhaa za kutumia. Alizimaliza anatazama viatu vyake. Hakuna kamati ya nidhamu inayoweza kutoa adhabu kama ile, na hakuna aliyehitaji kuandika muhtasari wa kikao. Baadaye nilimwona nje anamsubiri yule binti amwombe radhi. Sijui walielewana vipi, haikunihusu.

Mliufunga ukuta mwaka 1990 na hamkufungua kitu kingine mahali pake. Mnajua kilichofuata, maana malalamiko yanaishia mezani kwenu. Mzee Punch amehamia kwenye simu. Kuna kurasa za umbea zenye majina ya vyuo vyetu, kuna magrupu ya WhatsApp yenye picha za wasichana zilizopigwa kwa siri, na kila ukurasa una wafuasi ambao tamasha lolote la sanaa lingewatamani. Hata ule uchoraji haupo tena, yamebaki matusi makavu. Wanaofanya hayo hawajaandika barua kwenu kuomba kibali. Wanaoandika ni wale wanaotaka kusema wakiwa wamesimama wima, kwa majina yao na namba zao za usajili. Hao ndio mnaowaambia walete mswada kwanza ukasomwe ofisini.

Kuhusu kusoma miswada, mseme mnachosema, mimi sijawahi kuona ikisaidia. Wale wa Kampala walisoma mswada wa bweni la Northcote, wakaukataa, na sababu yao imebaki kuwa kichekesho cha miaka sitini. Juzi tu, Aprili 2025, majirani zetu wa Kenya walikuwa na tamasha lao la taifa la drama la shule, Nakuru. Wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walikuwa na mchezo ambao wakubwa hawakuupenda. Mahakama iliruhusu uchezwe. Yakapigwa mabomu ya machozi, wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Mchezo ambao ungetazamwa na majaji na wanafunzi wenzao ukajadiliwa Afrika Mashariki nzima na watu wasioujua hata mwanzo wake. Kama lengo lilikuwa usisikike, basi.

Mtaniambia sanaa ipo vyuoni, mahafali yote yana burudani. Ipo, ndiyo. Nimekuwa mmoja wa hiyo burudani. Unafika asubuhi na vazi la ngoma, unasimama juani, mgeni rasmi kachelewa, dakika kumi mlizopewa zinakuwa tano, tano zinakuwa mbili, na hizo mbili mnacheza wakati wageni wanatafuta viti vyao. Mkimaliza mnapewa soda na mkate wa siagi nyuma ya hema. Halafu wanaingia watu wa ngonjera:

Mgeni rasmi karibu, chuoni kwetu karibu,
shida zilikuwa jana, na leo hakuna tabu.

Siibezi ngonjera. Mathias Mnyampala alipoisambaza baada ya Azimio la Arusha, ilikuwa ni mabishano. Mmoja hajui au hakubali, mwingine anamjibu, anakataa tena, anajibiwa tena, mpaka mmoja anasalimu amri. Ungeweza kumpenda yule mbishi kuliko mwenye jibu, na watoto wengi tulimpenda. Ngonjera ya mahafali ya leo wote wawili wamekubaliana kabla ya ubeti wa kwanza. Wanapeana zamu tu ya kusifia. Halafu kuna usiku wa kumtafuta mlimbwende wa chuo, wenye mabango ya wadhamini kila kona. Huo hata siusemi sana, una wapenzi wake, na una bahati ya kupata ukumbi bila kuzungushwa.

Chuo kinachojiamini huwa kinaitoa sanaa yake nje. Katikati ya miaka ya 1960 Makerere walikuwa na kundi la kuzunguka bila kiingilio, wanafunzi wanapakia mavazi na vifaa kwenye gari, wanacheza kwenye viwanja vya Uganda na kuvuka hadi Kenya, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Chuo Kikuu cha Nairobi wakafanya la kwao miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walitoka Dar es Salaam wakaenda Malya, Kwimba, kukaa na watu na kutengeneza maonyesho kutokana na mambo ya watu wenyewe. Kote huko hakukuwa na meza kuu. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akisema hujawa mwigizaji mpaka mbuzi apite katikati ya jukwaa lako na watu wasimtazame mbuzi. Sisi tuliosomea ukumbini tulicheka, baadaye nikacheza sokoni nikaelewa, ingawa mimi walimtazama mbuzi.

Kuna hoja ya ajira, nayo nitaipitia haraka kwa sababu inanichosha. Najua mnabanwa: Tume ya Vyuo Vikuu inataka mitaala inayoendana na soko, wazazi wanauliza mtoto akimaliza atafanya nini. Sawa. Wenzangu wengi niliocheza nao wanasomesha, wanaongoza ofisi, wanatetea watu mahakamani, na wakisimama kuongea wanasikika mpaka nyuma. Kama mnahitaji maneno ya kuweka kwenye ripoti, chukueni hayo. Lakini nawaomba msiipangie sanaa ya wanafunzi kazi ya kuuza chuo. Ikijua inauza, inaanza kudanganya, na vijana ndio wa kwanza kunusa.

Ninaomba nini, basi?

Jioni moja kwa wiki. Jumatano ingefaa, haiko karibu na mwisho wa juma wa sherehe zenu. Kuanzia saa kumi jioni chuo kizima kisiwe na kipindi, si kwa idara za sanaa peke yake, maana nusu ya wale vijana ninaowaona ni wa uhandisi na biashara, na mjane niliyemsimulia anasoma uhasibu. Ukumbi mmoja uwe wazi hadi saa nne usiku, taa zikiwaka, bila malipo, bila mgeni rasmi. Anayetaka kucheza mchezo acheze, anayetaka kusoma mashairi asome, wanaotaka kubishana juu ya bei ya chakula cha kafeteria wabishane. Usiku huo gari la chuo liwapeleke wanaoishi mbali hadi vituo vya Changanyikeni na Msewe. Lile gari linalokwenda kuwapokea wageni uwanja wa ndege linaweza safari hiyo.

Mlinzi wa zamu hiyo alipwe posho yake ya ziada, tena alipwe kwa wakati. Nimezungumza na walinzi wengi kuliko wakuu wa vyuo, na ninawaambia nusu ya milango inafungwa mapema kwa sababu anayeifunga hana anachopata kwa kuiacha wazi.

Kibali kiwe saini moja. Si lazima iwe ya mkubwa. Mlezi wa chama anatosha, yeye ndiye anayewajua. Mswada usisomwe na ofisi kabla ya onyesho. Badala yake kila anayepanda jukwaani aandike jina lake kamili kwenye karatasi inayobandikwa mlangoni, na anayeona ameonewa ajue siku hiyohiyo aende dawati gani la jinsia, akamkute mtu na si kitasa. Hili la mwisho nalisisitiza kuliko yote. Sitaki jukwaa linalorudisha yale ya kabla ya 1990 kwa mlango wa mbele. Wasichana ninaowafundisha hawaogopi kuchekwa, wanaogopa kuchekwa na mtu wasiyeweza kumwona, na baada ya hapo kuandikiwa na ofisi kwamba suala lao linafanyiwa kazi.

Najua kutakuwa na Jumatano mbovu. Kutakuwa na michezo mirefu isiyo na kichwa, kutakuwa na kijana anayedhani kupiga kelele ndiko kuigiza, kutakuwa na shairi la mapenzi linalosomwa na watu wanne tofauti kila wiki. Kuna siku mtasemwa ninyi, kwa majina, mkiwa mmekaa hapo hapo kama mtapenda kuja. Nashauri mje. Kaeni katikati, si mbele, na msije na mpiga picha. Mkicheka mahali panapochekesha, mtakuwa mmefanya kazi ambayo kamati ya fulana haijaifanya miaka yote hii.

Ratiba za muhula ujao zinapangwa sasa, na ndiyo sababu ya kuandika mwezi huu badala ya kusubiri hotuba ya mwaka mpya wa masomo. Nakala ya barua hii yenye jina langu, sahihi na namba ya simu imeshapokelewa kwenye masjala zenu, na muhuri wa kupokelea ninao. Jibu msinitumie mimi. Libandikeni kwenye mbao za matangazo za mabweni yote, likiwa na jina na saini ya aliyeliandika, hata kama jibu lenyewe ni hapana.